Dodoso la mafua ya ndege: mbona wanasema "ni hatari sana" halafu wanamchinja kuku mgonjwa kwa mikono mitupu?

Mpima_Maoni

Wakuu, salaam.

Naandaa dodoso la kupima mtazamo wa watu kuhusu tishio la mafua ya ndege. Kwenye majaribio, karibu kila mhojiwa anakubali kwamba ugonjwa huu "ni hatari sana". Ukigeuka ukamuuliza kuku akizidiwa anafanywaje, jibu ni kuchinjwa haraka kabla hajafa. Wengine wanasema wameacha kula kuku kabisa, lakini wanaendelea kulala na kuku wao ndani.

Naomba msaada kwa mambo mawili: swali liulizwe vipi ili jibu lionyeshe mtu atakachofanya kweli, na tukishapata majibu, tuzungumze na watu vipi bila kuzua taharuki wala kuwafanya wapuuze?

---

Dodoso_Safi

Mkuu, kabla hujafika kwenye takwimu, anza na jina. "Mafua" kwa Mswahili ni kamasi na kupiga chafya siku tatu, unapona. "Ndege" ni njiwa pori, kunguru, mwewe. Wapo wengi ambao ukiwaambia ndege hawamwazii kuku hata kidogo. Kwa hiyo ukisema "mafua ya ndege", mhojiwa anaweza kusikia kamasi za kunguru. Mfugaji naye, kuku wakifa kwa mkupuo, anajisemea ni kideri, maana ndilo jina analolijua. Kwenye majaribio gawa watu nusu kwa nusu: nusu wasomewe "mafua ya ndege", nusu wasomewe "ugonjwa unaoua kuku wengi kwa ghafla na unaoweza kumwambukiza mtu". Ukiona majibu yametofautiana sana, ujue mwanzoni ulikuwa unapima jina, siyo mtazamo.

Pili, neno "hatari" limebeba mambo manne. Yatenganishe, kila moja swali lake:

1. Uwezekano wa wewe (siyo "watu") kuambukizwa ndani ya miezi 12 ijayo.
2. Ukiambukizwa, utaumwa kwa kiasi gani.
3. Kutoa taarifa na kunawa kunasaidia kweli au hakusaidii.
4. Kwa hali ya nyumbani kwako, unaweza kuyafanya hayo?

Hilo la kwanza lina mtego unaojulikana tangu mtafiti wa saikolojia Neil Weinstein alipouandika mwaka 1980: mtu hujiona yuko salama kuliko wenzake walio katika hali ileile. Ukiuliza "watu wako hatarini?" atasema ndiyo, na hajajihesabu. Hapo ndipo dodoso lako linapovuja. Mizani iwe ya ngazi 5, kila ngazi iwe na maneno yake, na "sijui" ikae pembeni. Ukiiweka katikati ya mizani, utahesabu kutojua kama msimamo wa wastani.

Kwa matendo, usiulize "huwa unatoa taarifa?" Kila mtu hutoa taarifa mbele ya karani. Uliza tukio: "Mara ya mwisho kuku wako alipokufa ghafla, mzoga ulipelekwa wapi? Nani alimshika? Aliambiwa nani?" Lipe kikomo cha miezi 3, zaidi ya hapo kumbukumbu huchanganyika.

Kuuza kuku mgonjwa ni siri, kwa hiyo tumia orodha. Nusu ya wahojiwa wasomewe mambo 4 ya kawaida, nusu wasomewe hayohayo 4 pamoja na "niliuza kuku aliyekuwa anaumwa". Kila mmoja ataje idadi tu ya aliyoyafanya. Ukitoa wastani wa kundi la kwanza kwenye wastani wa kundi la pili, tofauti ndiyo sehemu ya waliouza. Ubaya wake ni kwamba njia hii inahitaji watu wengi. Kwa sampuli ndogo jibu huyumba mno.

Kuhusu ukubwa: kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, watu 385 wanatosha iwapo umewachagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Ukichagua vijiji kwanza halafu kaya, zidisha kwa 2, unapata 770. Ukitarajia asilimia 10 wakatae, andaa orodha ya 856. Maswali ya ujuzi yaweke mwisho, kwa sababu yanamfundisha mhojiwa na kubadilisha majibu yanayofuata. Na karani asivae sare ya idara ya mifugo au afya. Andika tarehe ya kila hojaji pia: habari ya mlipuko ikitoka katikati ya kazi, utahitaji kutenganisha kabla na baada.

---

Kirusi_na_Namba

Naongezea upande wa namba, maana hapo ndipo imani ya watu hujengwa au hubomolewa.

Sentensi inayoharibu zaidi ni "nusu ya wanaoambukizwa hufa". Usahihi wake ni huu: tangu 2003, Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 900 *waliothibitishwa* kuwa na H5N1 (aina ya kirusi cha mafua ya ndege), na karibu nusu yao walifariki. Waliothibitishwa kwa sehemu kubwa ni waliofika hospitali wakiwa mahututi. Mwenye dalili nyepesi hakupimwa, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Aina ya kirusi nayo ina uzito wake. Hong Kong mwaka 1997 waliugua 18, wakafa 6. Marekani tangu 2024, wengi wa walioambukizwa na ng'ombe wa maziwa walipata macho mekundu na homa nyepesi. Ukitaja nusu bila neno "waliothibitishwa", siku msikilizaji atakapokutana na mtu aliyepona bila shida atakuona mwongo, na onyo lako la pili hatalisikiliza.

Mwaka 2005 somo hili lilionekana hadharani. David Nabarro wa Umoja wa Mataifa alisema janga la mafua lingeweza kuua watu milioni 5 hadi 150. Mara Shirika la Afya Duniani likarudi na makadirio ya milioni 2 hadi 7.4. Wote walizungumzia janga ambalo lilikuwa halijatokea, kwa dhana tofauti za ukali wake, lakini msikilizaji wa kawaida alibaki na namba mbili zisizopatana. Toa kadirio pale tu unapoweza kueleza limetoka wapi, na msemaji awe mmoja.

Kuhusu kuacha kula kuku: hofu imeelekea pasipostahili. Nyama iliyofikia nyuzi 70 za Selsiasi hadi ndani kabisa, isiwe na rangi ya waridi popote, haina kirusi hai. Mtu huambukizwa zaidi wakati wa kuchinja, kunyonyoa, kutoa matumbo na kufagia kinyesi. Italia mwanzoni mwa 2006 mauzo ya kuku yaliporomoka baada ya kirusi kupatikana kwa bata maji wa porini, wakati hakuna mtu nchini humo aliyekuwa amethibitishwa kuugua. Kwa hiyo dodoso lako litenganishe "kula" na "kuchinja".

Kwa nini hakijaenea kati ya watu? Kirusi cha ndege hupendelea kushika vipokezi (sehemu za seli ambazo kirusi hujishikiza ili kuingia) ambavyo kwa binadamu viko zaidi ndani ya mapafu, si puani na kooni. Mabadiliko ya vinasaba yanaweza kuibadilisha hali hiyo. Semeni yote mawili pamoja: leo uwezekano kwa mtu wa kawaida ni mdogo, na kila anayeambukizwa anakipa kirusi nafasi nyingine ya kubadilika.

---

Daktari_wa_Banda

Kwa mfugaji, kunyamaza ni hesabu tu. Akitoa taarifa, kundi zima linaangamizwa leo na fidia inakuja lini haijulikani. Akinyamaza, anauza walio hai jioni hiihii. Hakuna bango litakaloshinda hesabu hiyo. Ongeza maswali mawili: "Unadhani utalipwa?" na "Unadhani utalipwa baada ya muda gani?" Majibu hayo yatakueleza mengi kuliko maswali kumi ya ujuzi. Fidia ikiwa ndogo mno, kuku wanafichwa. Ikizidi bei ya soko, wagonjwa wanaletwa kutoka kwingine. Na ilipwe kwa kuku waliokuwa hai siku ya taarifa, ili anayewahi apate zaidi.

Kwenye ujumbe, msimtake mfugaji atambue ugonjwa. Kideri na mafua ya ndege vinafanana: vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, kilemba na ndevu kuwa bluu, shingo kupinda, kuharisha, mayai kukoma au kutoka na ganda laini. Hata daktari hawezi kuvitenganisha kwa macho. Maabara ndiyo inayoamua. Mpeni idadi badala ya jina, mfano "kuku 3 wakifa ndani ya siku 2, piga simu". Mtaje na bata, ambaye anaweza kubeba kirusi na kukitoa kwenye kinyesi huku anaonekana mzima.

Maelekezo ya kusafisha nayo hukosewa sana. Watu humwaga klorini juu ya kinyesi, wakati uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa kirusi. Kwanza lowesha ili vumbi lisipae, kwangua, osha kwa sabuni, suuza. Ndipo upake klorini: jiki ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, upate asilimia 0.5. Iache dakika 10. Tengeneza mpya kila siku na usiichanganye na tindikali wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa gesi yenye sumu. Aliyeshika mizoga ajichunguze siku 10. Akipata homa, kikohozi au macho mekundu aende hospitali na *aseme* alishika kuku waliokufa. Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili, na daktari asiyeambiwa habari ya kuku hataiwazia.

---

Mpima_Maoni

Asanteni sana wakuu. Hilo la jina sikuwa nimeliona kabisa. Moja limebaki: ujumbe utishe kiasi gani?

---

Dodoso_Safi

Tazama majibu ya swali la 3 na la 4. Mtafiti wa mawasiliano Kim Witte alilieleza hili mwaka 1992: mtu akiogopa sana na akaona hana la kufanya, hupambana na hofu badala ya hatari, atasema "wanatutisha tu". Kwa hiyo kundi lenye alama za chini kwenye la 4 usiliongezee hofu. Lipe namba ya simu inayopokelewa, glovu, na siku ya malipo. Kundi linalojiona linaweza lakini halijioni hatarini, hilo ndilo la kuelezwa uzito wa ugonjwa.

Mfano wa ujumbe: "Kuku 3 wakifa ndani ya siku 2, usichinje, usiuze, usitupe mtoni. Funga walio hai bandani, watoto wasikaribie. Piga namba hii. Ukimshika aliyekufa, vaa glovu au mfuko wa plastiki mikononi, kisha nawa kwa sabuni." Usome kwa watu 20, kila mmoja aurudie kwa maneno yake. Sehemu itakayosahauliwa na watu zaidi ya 5 iandike upya.