Wauza kompyuta Dar, andikeni namba kamili ya prosesa na madabodi! Mmetuchosha!

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Hapa mezani pana madabodi (ile bodi kuu inayochomekwa vifaa vyote) niliyoitolea zaidi ya laki mbili, prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta, Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, RAM na pawa saplai. Ukiwasha, feni zinazunguka, taa inawaka, monita giza tupu. Vifaa vyote ni vizima. Aliyeniuzia madabodi alijua anachonipa, akanyamaza ili aondoe mzigo wake dukani.

Niliagiza madabodi ya B550. Niliandika modeli yote mpaka herufi ya mwisho, nikamtumia kijana wa duka kwa WhatsApp, akajibu ipo. Nafika Kariakoo, eti B550 zimeisha asubuhi ileile. Akatumwa winga, akarudi na boksi la B450, madabodi ya zamani zaidi. "Bosi wangu, soketi ni ileile AM4, hiyo prosesa yako inaingia vizuri tu." Nikamuuliza waziwazi: bayosi yake, ile programu ndogo iliyomo ndani ya madabodi, imeshapandishwa kufikia toleo linaloitambua Ryzen 5000, familia ya hii 5600G yangu? Akasema ndiyo, za siku hizi zote ziko tayari. Nikamwambia basi aandike hivyo kwenye risiti. Akaandika "madabodi 1". Hakuna B450, hakuna jina la mtengenezaji, hakuna serial namba. Madabodi 1!

Kwa wasiojua, prosesa kuingia kwenye soketi, yaani pale inapochomekwa, hakumaanishi kompyuta itawaka. Ukibonyeza swichi, bayosi ndiyo inayoanza kazi, Windows bado kabisa, na bayosi hiyo lazima iwe na maelekezo ya prosesa iliyochomekwa. B450 zilitoka 2018. Ryzen 5000 za kwanza zilitoka mwishoni mwa 2020, na 5600G ikaingia madukani 2021. Boksi lililolala stoo tangu enzi hizo haliwezi kuitambua prosesa iliyokuja baadaye. Dawa ipo na ni rahisi: unapakua bayosi mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaiweka kwenye flashi, unaipandisha. Lakini ili uipandishe unahitaji kwanza prosesa ya zamani ambayo madabodi inaijua, au madabodi yenye kitufe maalumu cha kupandisha bayosi bila prosesa. Hii niliyopewa haina hicho kitufe. Watengenezaji hata stika walibandika kwenye maboksi kuonyesha madabodi iko tayari kwa Ryzen 5000. Mtu anayeuza hivi vitu kila siku hawezi kuniambia hajui.

Niliporudi dukani, jibu la kwanza: "prosesa yako mbovu". Prosesa ambayo hata hajaigusa! Nilipomweleza habari ya bayosi akageuka: "leta elfu thelathini fundi aipandishe". Yaani nimlipe kurekebisha kitu alichoniapia kuwa kipo tayari. Nilipokataa akanionyesha karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Na mimi walau nilikuwa na namba mkononi. Wanaonitia uchungu zaidi ni wale wanaoingia dukani na pesa za mkopo wakitafuta kompyuta ya kazi, wanakutana na bango "DESKTOP CORE i7 BEI YA OFA". Core i7 ipi? Jina hilo la prosesa za Intel lipo sokoni tangu 2008! i7-2600 ni ya mwanzoni mwa 2011, ina viini 4, madabodi yake inatumia RAM ya aina ya zamani, DDR3. i3-12100 ya 2022 nayo ina viini 4, na inaiacha mbali ile i7, maana kila kiini chake kinafanya kazi kubwa zaidi kwa wakati uleule. Sasa nenda kamwambie mteja i3 ni bora kuliko i7. Atakuona tapeli, kwa sababu wauzaji wamemfundisha kwamba 7 ni kubwa kuliko 3 na habari imeishia hapo. Namba inayofuata kistari, ile inayotaja kizazi, wanaikata makusudi kwenye bango. Wakiiandika, mteja ataitafuta kwenye simu na atajua anauziwa mashine ya miaka kumi na tano iliyopita. Huku ni kutuuzia mbuzi kwenye gunia, tena mchana kweupe.

Halafu kuna F. Dada mmoja mwenye steshenari mtaani kwetu alitaka kompyuta ya kuchapia na kutolea kopi. Wakamuunganishia i5-12400F. Prosesa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini hiyo F mwishoni maana yake haina grafiki ndani, yaani sehemu ya kutoa picha, kwa hiyo bila kadi ya grafiki huoni chochote kwenye monita. i5-12400 isiyo na F ingemtosha kabisa kwa kazi zake. Aliporudi kulalamika akaambiwa anunue kadi. Herufi moja imemwongezea gharama ambayo hakuipangia, na hakuna aliyefungua mdomo kumwambia kabla hajalipa. Kwa Ryzen ni vilevile: 5600 haina grafiki, 5600G inayo. Muuzaji anayesema "hizo zote ni 5600" anakudanganya.

Intel wenyewe pia siwaachi. 2015 walileta soketi ya LGA 1151 kwa kizazi cha 6, kikafuata cha 7. Mwaka 2017 kizazi cha 8 kikaja na soketi ya pini zilezile 1151, lakini madabodi za mwanzo hazipokei prosesa zake. Umbo moja, jina moja, haviendani! LGA 1200 ya 2020 ikaja na madabodi za H410 na B460 ambazo kwa kawaida hazipokei prosesa za kizazi cha 11, ingawa soketi ni hiyohiyo. LGA 1700 imebeba vizazi vitatu, 12 hadi 14, lakini B760 moja inatumia DDR4 na nyingine DDR5, na RAM ya moja haichomeki kwenye nyingine. Kisha Oktoba 2024 wakahamia LGA 1851, DDR5 peke yake. Kwa utaratibu huu, muuzaji anayekuandikia "madabodi ya Intel" hajakuandikia kitu.

AMD angalau soketi ya AM4 wameitumia miaka mingi, na AM5 ya 2022 wameahidi kuendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Lakini msiwasahau. Mei 2020 walitangaza kwamba B450 hazitapokea Ryzen 5000, wakitaja udogo wa nafasi ya kuhifadhi bayosi. Watu waliokuwa wamezinunua wakiahidiwa maisha marefu wakapiga kelele dunia nzima, na kabla mwezi haujaisha AMD wakageuza uamuzi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoniambia "achana nao mkuu, ndivyo biashara ilivyo". Kelele zilifanya kazi kwa kampuni kubwa kiasi kile. Zitashindwaje kwa fremu ya Kariakoo?

Jambo jingine ni hizi "gaming PC za Xeon" (prosesa za Intel za seva) mnazotangaziwa sana, viini 12, bei chee, "mpya kwenye boksi". Madabodi imeandikwa X99, jina la chipseti (chipu inayoratibu madabodi) ya daraja la juu. Prosesa ni Xeon E5 v3, kizazi cha 2014, zimechomolewa kwenye seva zilizostaafishwa. Madabodi zenyewe nyingi zimeundwa upya China kwa chipseti za H81 au B85 zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani za maofisini. Kipya ni boksi na rangi. Prosesa hizo hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 Microsoft walisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu akitaka kununua akijua, anunue, kuna kazi zitafaa. Ila mwambieni!

Na mnaouza i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, semeni kama bayosi imepandishwa. 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zinaomba volteji kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu, wakatoa marekebisho kwa njia ya bayosi na kuongeza miaka miwili ya waranti. Iliyokwishaharibika haiponi kwa bayosi mpya. Mteja ana haki ya kujua hilo kabla hajatoa milioni yake.

Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inakataza kabisa mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ipo. Nimeshaandika malalamiko yangu, nimeambatanisha meseji za WhatsApp ambamo niliagiza B550 na nikajibiwa ipo. Pamoja na risiti ya "madabodi 1". Wenye visa kama hivi wekeni hapa, msitaje watu, wekeni picha ya bango na namba halisi ya prosesa mliyoikuta ndani.

Ninachotaka ni kidogo sana. Prosesa iandikwe namba yote pamoja na herufi ya mwisho. Madabodi iandikwe modeli, aina ya RAM na toleo la bayosi lililomo. Hivyo vyote viwepo kwenye bango na kwenye risiti. Hakuna gharama yoyote ya ziada hapo, ni wino tu.

Wakati huohuo kazi zangu zimesimama. Kama kuna mkuu hapa Dar ana prosesa ya zamani ambayo B450 inaijua, Ryzen 3 2200G au Ryzen 5 2400G, naomba aniazime kwa nusu saa nipandishe bayosi mwenyewe. Nitaifuata popote alipo, hata kama ni Kigamboni au Mbezi, na nitaifanya kazi hiyo mbele yake. Ile elfu thelathini ya fundi wao sitoi.