Milinganyo miwili ya kipeo cha pili: nikitoa, hakuna herufi inayoondoka

Fundi wa Sare, Morogoro

Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na nimejiandikisha mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasoma usiku wateja wakishaondoka, hesabu nazifanyia kwenye karatasi za kaki ninazochorea vipimo.

Njia ya kuondoa naielewa ikija hivi:

x² + y² = 25
2x² − y² = 2

Nikijumlisha, y² inaondoka, inabaki 3x² = 27. x ni 3 au −3, y ni 4 au −4, na kila x inazikubali y zote mbili, kwa hiyo majibu ni manne. Ila hii imenishinda siku tatu:

x² + xy = 6
xy + 2y² = 4

Nikitoa, xy inaondoka, nabaki na x² − 2y² = 2. Herufi zote mbili bado zipo! Nikajaribu kuandika y = (6 − x²)/x na kuiingiza chini, ikaja x⁴, nikaacha. Nisaidieni jamani.

Mwalimu wa Hesabu, Tabora

Dada fundi, pole na hongera kwa kusoma usiku. Hapa usihangaike na herufi. Ondoa namba.

Tazama upande wa kushoto: x², xy, y². Kila kimoja ni cha kipeo cha pili, hakuna x wala y iliyosimama peke yake. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3, kulia kote iwe 12. Sasa toa:

2x² − xy − 6y² = 0

Ukishapata sifuri kulia umefika, maana unatafuta vigawo kama kawaida:

(x − 2y)(2x + 3y) = 0

Kwa hiyo x = 2y, au x = −3y/2. Chukua kila moja uirudishe kwenye mlinganyo wa kwanza. Hatua hii wanafunzi wangu wengi huifanya kwa moja, nyingine wakaisahau, na alama zinapotea bure.

Kijana wa PCM

Na ile x⁴ usiiogope, dada. Ukiisafisha unapata x⁴ − 22x² + 72 = 0. Ita x² kuwa u, inakuwa u² − 22u + 72 = 0, u ni 4 au 18. Njia ya mwalimu ni fupi, lakini yako nayo ilikuwa inafika.

Fundi wa Sare, Morogoro

Asanteni sana! Kwa x = 2y nimepata 6y² = 6, majibu ni (2, 1) na (−2, −1). Kwa x = −3y/2 nimepata y² = 8, nikaandika (3√2, 2√2) na (−3√2, −2√2).

Mwalimu wa Hesabu, Tabora

Hayo mawili ya mwisho yajaribu: 18 + 12 ni 30, si 6. Umesema x = −3y/2, basi x na y lazima ziwe na alama tofauti: (3√2, −2√2) na (−3√2, 2√2). Sasa 18 − 12 = 6, na −12 + 16 = 4. Kila x hapa ina y yake moja, si kama ule mfano wako wa kwanza.

Fanya na hii: x² + xy = 15, y² + xy = 10.

Fundi wa Sare, Morogoro

Nimezidisha kwa 2 na kwa 3, nikapata (2x − 3y)(x + y) = 0. Kwa x = 3y/2, y² = 4, majibu ni (3, 2) na (−3, −2). Lakini kwa x = −y inakuja 0 = 15. Nimerudia mara tatu, inakuja hiyo hiyo. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Hesabu, Tabora

Hujakosea popote. 0 haiwezi kuwa 15, kwa hiyo tawi hilo halina jibu. Mawili ndiyo yote. Milinganyo miwili ya namna hii, kama haina kigawo kinachofanana, haizidi majibu manne, lakini yanaweza kupungua. Kwenye mtihani iandike hiyo 0 = 15, usiifute, msahihishaji aone kuwa umelipitia.

Fundi wa Sare, Morogoro

Nilikuwa nimeshaifuta. Naiandika upya sasa hivi.