Tupeane uzoefu: hadithi kuu ikiwa fupi, mchezo wa ulimwengu wazi unakuwa bora ao tunapunjwa?

Maneti_Katuba (mwenye uzi)

Jambo bandugu wa Lubumbashi, na nyinyi mulioko Likasi, Kolwezi, Goma, popote. Kwenye vyumba vya play vya kulipa kwa saa ubishi ni ule ule kila Jumamosi: mchezo wa kuzurura ramani nzima, hadithi yake kuu iwe saa 15 ao saa 60?

Mwaka 2020 Patrick Mills wa CD Projekt Red, kampuni iliyotengeneza michezo yote miwili hii, alieleza kwamba hadithi kuu ya Cyberpunk 2077 waliifanya fupi kidogo kuliko ya The Witcher 3, kwa sababu wachezaji wengi walilalamika Witcher ni ndefu mno na hawakuifikisha mwisho. Witcher ukifuata hadithi peke yake inakula karibu saa 50. Cyberpunk ni karibu nusu ya hapo.

Sharti moja: hatutaki "siku moja mimi na kaka yangu". Leta jina la mchezo, saa, mahali hadithi inapofunga mlango, na namna ya kuufungua.

Fundi_Kamalondo

Watu wanahesabu saa, hawahesabu kufuli. Chukua GTA San Andreas ya 2004, mchezo ambao kila mtaa hapa unaujua. Hadithi ni karibu saa 30 na hakuna anayesema ni ndefu. Lakini maneti (vidhibiti vya mkononi) zinatupwa chini sehemu mbili, na zote mbili ni kufuli.

Ya kwanza ni jangwani, Verdant Meadows. Lazima ununue uwanja wa ndege kwa dola 80,000, kisha upite shule ya urubani: majaribio 10, kila moja angalau asilimia 70. Mtu anafika pale mfuko mtupu, anaanza kuiba watu wa barabarani dola 30, dola 50. Utazeeka. Njia ni hii: hifadhi kwanza, ingia duka la kubeti farasi la Inside Track, weka pesa nyingi kwa farasi wa 12 kwa 1. Ukishindwa, pakia upya. Ukishinda, rudi uhifadhi papo hapo kabla ya kubeti tena.

Kwenye urubani kosa la wengi ni kugeuza ndege kwa kijiti cha kushoto peke yake, mabawa yanalala na pua inashuka. Kunyoosha pua kidogo kidogo ni kazi ya vitufe vya L2 na R2, kwa kugusa, si kwa kukandamiza. Na ukisharuka, kunja magurudumu. Yakibaki chini ndege inakuwa nzito na unachelewa kwenye pete za kupita angani.

Kufuli ya pili iko mlangoni mwa misheni ya mwisho: lazima ushike asilimia 35 ya mitaa ya magenge. Kwenye ramani tafuta mitaa yenye rangi hafifu, hiyo ina askari wachache. Shuka kwenye gari, ua watatu wa genge lile kwa miguu, vita inaanza, mawimbi matatu, basi mtaa ni wako. Anayeanza na mtaa wa rangi nzito hana hesabu.

Sasa uniambie: ukiikata San Andreas iwe saa 15 lakini ukaacha kufuli hizo mbili, umeboresha nini? Vice City ya 2002 ni fupi kuliko hiyo, na bado mwisho wake umefungwa mpaka ununue biashara, kile kiwanda cha kuchapa kikiwemo. Watu wanafikiri mchezo umeisha ao umeharibika, kumbe wanadaiwa manunuzi.

Nivo_16

Mukubwa Fundi kasema kweli, lakini kufuli nyingine ni tamu. Kwenye San Andreas ile ile, madaraja yamefungwa mwanzoni. Ukivuka kabla ya wakati unapewa nyota nne za kusakwa na polisi. Ile haichoshi mtu, kwa sababu mji wa Los Santos peke yake unatosha kwa saa za kwanza, na daraja likifunguka unalipokea kama zawadi.

Turudi kwa Witcher. Saa 50 zinaonekana nyingi kwa sababu watu wanazifanya 120 bila kujua. Mambo ya kuangalia:

Kazi iliyo chini yako kwa nivo (ngazi) 6 ao zaidi inalipa pointi za uzoefu kidogo sana. Ukisafisha jimbo la Velen lote kabla ya kwenda mji wa Novigrad, unakuwa mkubwa kupita hadithi, maadui wanakufa kama nzi, na ndipo hadithi inaanza kuonekana ndefu. Kwa hiyo fuata hadithi mpaka ukutane na kazi iliyo juu yako kwa nivo mbili tatu, fanya mikataba ya kuua majini hapo karibu, urudi kwenye hadithi.

Safari ya visiwa vya Skellige inashauriwa nivo 16, na nahodha anataka krona 1,000. Usifike bandarini mikono mitupu. Ukifika Skellige, zile alama za kuuliza zilizojaa baharini ziache! Nyingi ni shehena za magendo zinazoelea na zawadi haifanani na muda wa kusafiri kwa mashua. Hapo ndipo wengi wanakufia.

Halafu Kisiwa cha Ukungu. Kabla ya kwenda, mchezo wenyewe unakuonya kwamba kazi zingine zitafungwa. Wote unaotaka waje kukusaidia kwenye vita ya ngome ya Kaer Morhen, maliza mambo yao kabla ya kupanda mtumbwi.

Kama ningepewa mkasi, ningekata Novigrad, ule msururu wa kumtafuta Dandelion, rafiki mwimbaji: nenda kwa huyu, naye anakutuma kwa yule. Saa zote zilizobaki ningeziacha.

Grand_Kenya

Na Cyberpunk je? Mbona watu wanaimaliza halafu wanasema "njo hii tu?"

Nivo_16

Kwa sababu wamekimbia hadithi kuu wakafikiri ndiyo mchezo. Miisho imefichwa kwenye kazi za pembeni. Usipomaliza mfululizo wa kazi za Panam mpaka ya mwisho, Queen of the Highway, njia ya kwenda na Aldecaldos, kundi lake la wahamaji, haitatokea kabisa mwishoni. Usipofanya kazi za wahusika Johnny na Rogue, mlango wao pia haupo. Mtu anafika kwenye mkutano na mhusika Hanako pale mgahawa wa Embers, pale pasipo na kurudi nyuma, anakuta njia hizo hazipo.

Hakuna hasara lakini: ukimaliza, mchezo unakurudisha kabla ya mkutano ule. Fanya kazi za Panam, urudi Embers, chagua upya.

Ubaya wake ni mwingine. Hadithi inakuambia unakufa, una wiki chache, halafu simu inalia kuna mtu anauza gari. Hadithi fupi yenye haraka inagombana na ramani inayosema zurura. Ukitaka ufupi usigombane na ramani, ondoa ile haraka.

Zelda_wa_Bel_Air

Ama uiweke haraka mikononi mwa mchezaji. Breath of the Wild, 2017: ukishamaliza mahekalu manne ya uwanda wa mwanzo na kupewa parasheti, unaweza kwenda moja kwa moja kasri kwa Ganon, adui mkuu. Wenye kasi wanaimaliza chini ya nusu saa. Mwingine anakaa saa 100. Mchezo ni ule ule.

Hesabu yake iko wazi. Yale mashine-manyama manne, kila moja utakalokomboa linamkata Ganon sehemu moja ya nane ya uhai. Yote manne, nusu. Lile utakaloliacha, adui wake anakungoja ndani ya kasri umpige kwanza. Kwa hiyo urefu wa hadithi unauchagua wewe, na bei unaijua kabla. Kwa anayetaka wastani: mashine mawili, mahekalu ya kutosha kwa mioyo kumi hivi, silaha tano nzuri za akiba (zinavunjika!), na chakula. Upanga Mkuu ni mzuri lakini unataka mioyo 13 mizima, ile ya njano ya muda haihesabiwi. Anayekimbia asiuangaikie.

Mzee_wa_Farasi

Mimi napinga wote. Red Dead Redemption 2 ya 2018, karibu saa 50, sura sita na epilogo (hadithi ya kufungia) ya sehemu mbili. Ikatwe wapi? Ile kambi, unajua nani anaimba usiku na nani anakohoa. Hiyo haijengwi kwa saa 12. Urefu pale ni kazi.

Ila nakubali mambo mawili. Sura ya kwanza kwenye theluji hairuhusu kuzurura, wengi wanaacha pale. Vumilia, ni fupi, ramani inafunguka sura ya pili. Na misheni zake ni kali: ukitoka njia iliyochorwa, umeshindwa. Ulimwengu ni wazi, misheni imefungwa kama sanduku.

Kupunguza safari: kwenye daftari la kambi nunua kwanza hema ya Dutch, kiongozi wa genge, dola 220, kisha ya Arthur, yule unayemchezesha, dola 325. Hapo unapata ramani ya kusafiri haraka kutoka kambini. Na usijaribu kwenda New Austin na Arthur, utapigwa risasi na mtu usiyemwona. Kule kunafunguliwa kwenye epilogo.

Fundi_Kamalondo

Mzee, heshima yako. Lakini RDR2 ni ndefu kwa kuandikwa. Kuna ndefu ya kuvutwa. Shadow of War ya 2017: baada ya hadithi kuisha, ulilazimika kulinda ngome hatua 10 ndipo uone mwisho wa kweli. Mwaka 2018 waliondoa duka la pesa halisi ndani ya mchezo, na sehemu ile ile wakaifupisha. Wenyewe walishika mkasi.

Na Dying Light 2, Januari 2022: walijitapa saa 500. Watu wakaogopa badala ya kufurahi, ikabidi waeleze kwamba hadithi kuu ni kama saa 20.

Trofe_Ya_Shaba

Kabla ya kununua, pima mwenyewe. Kwenye PlayStation fungua orodha ya trofe (tuzo za hatua ulizofikia) za mchezo, angalia asilimia ya waliopata trofe ya sura ya kwanza, kisha ya sura ya mwisho. Kwenye Steam orodha hiyo inaonekana hata kama hujanunua. Usisome asilimia ya mwisho peke yake, maana kila mchezo una watu walioujaribu dakika kumi. Soma mteremko: ikishuka taratibu, hadithi inabeba watu. Ikianguka ghafla kati ya sura mbili, pale kuna kufuli ya Fundi.

Assassin's Creed ni somo zuri. Valhalla ya 2020 ni karibu saa 60, Mirage ya 2023 ni kama robo yake, mji wa Baghdad, nayo ilianza kama nyongeza ya Valhalla. Lakini Valhalla inachezeka vipande vipande: kila jimbo la Uingereza ni hadithi yake yenye mwanzo na mwisho. Maliza jimbo, zima, rudi wiki ijayo, hujasahau kitu. Tatizo ni namba za nguvu: East Anglia inataka 55, Hamtunscire 340. Kila nivo inakupa pointi mbili, na pointi moja ni nguvu moja. Piga hesabu uone. Zikikukaba, shusha ugumu wa mapigano kwenye mipangilio, namba hizo ni ushauri tu.

Delestaji

Munasahau umeme. Hapa hadithi ndefu ao fupi si kitu, swali ni misheni moja ina dakika ngapi na mchezo unahifadhi wapi. Ondulere (kifaa cha akiba ya umeme) ndogo ya VA 650, PS4 na televisheni ya inchi 32 pamoja, betri ikiwa mpya, inakupa dakika chache tu. Hiyo ni ya kuhifadhi na kuzima, si ya kumalizia misheni.

San Andreas ya PS2 inahifadhi nyumbani tu, kwa hiyo misheni ndefu ya Las Venturas ni kamari. Witcher inahifadhi popote usipokuwa vitani. Elden Ring inajihifadhi kila mara, ukipoteza unapoteza sekunde. Alama ya kuhifadhi ikizunguka pembeni ya skrini, mkono mbali na kitufe. Na usiiache PS4 imelala ukitegemea mchezo utabaki ulipouacha: umeme ukikata, mchezo uliosimamishwa umekwenda.

Ikiwaka na kulalamika, ingia hali ya usalama: mashine imezimwa, shika kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha maneti kwa waya, chagua kujenga upya hifadhidata. Haifuti mchezo. Machaguo mawili ya chini kabisa ndiyo yanayofuta, msiyaguse.

Grand_Kenya

Bon, mwenye PS4 ya GB 500 na mega (data ya intaneti) za kuhesabu, aanze na gani?

Delestaji

Si Cyberpunk. Disc ya mwanzo bila masasisho ni mchezo ule ule ambao Sony iliuondoa kwenye duka lake la mtandaoni Desemba 2020, na sasisho kubwa la 2.0 la 2023 pamoja na Phantom Liberty haviko kwa PS4. Utamaliza mega kwa kuutengeneza.

Spider-Man: Miles Morales, karibu saa 8, misheni fupi, inakubaliana na umeme wetu. Ukitaka kumfuata Mzee kwenye RDR2, toa nafasi ya GB 105 kwanza. Ni disc mbili: ya data unaisakinisha mara moja na kuiweka kando, ya kuchezea ndiyo inabaki ndani. Muuzaji akikupa moja tu, uliza nyingine iko wapi kabla hujatoa pesa.