Ushabiki ukipoa baada ya miaka 40: umekufa au umehama?

Mdau wa Soweto (Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaonekana sana kwa mashabiki wa miaka 40 na kuendelea hapa kwetu. Mtu ambaye ujanani alikuwa halali Simba au Yanga ikifungwa, siku hizi matokeo anayasikia kesho yake asubuhi na anaendelea na chai yake. Vijana wanasema huyo hakuwahi kuwa shabiki. Wanaolijua jambo hili watueleze: nini hasa kinabadilika, na anayetaka kuzeeka na mpira afanye nini? La pili, mtoto wa miaka 6 au 7 aanze kupelekwa uwanjani vipi ili apende, asikinai?

Kiungo Mkabaji
Mkuu, hakijafa kitu. Kilichobadilika ni kazi ambayo timu inamfanyia huyo mtu. Kijana wa miaka 18 hana cheo wala mali ya kujivunia, kwa hiyo jezi ndiyo inayomtambulisha. Msikilize Jumatatu asubuhi: timu ikishinda ni "tumewapiga", ikipoteza ni "wamefungwa, kocha hafai". Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti wa hali hiyohiyo kwenye vyuo vikuu vya Marekani: timu ya chuo ikishinda, wanafunzi walivaa zaidi nguo zenye jina la chuo, na walisema "sisi" kwenye ushindi na "wao" kwenye kipigo. Kwetu silabi moja inatosha, *tu* inageuka *wa*.

Ukifika 40 una watoto, kazi, pengine shamba la viazi kule Isyonje. Hivyo ndivyo vinavyokutambulisha sasa, na timu imetuliwa mzigo. Ndiyo maana kipigo hakiumi kama zamani. Nafasi iliyobaki inaweza kujazwa na vitu viwili: kuuona mchezo wenyewe, na kuipenda timu ya nyumbani. Wengi wanakosea wanapotaka presha ya ujana irudi kwa nguvu. Wanaongeza ligi tatu za Ulaya, wanaanza mikeka, halafu baada ya miezi sita wamechoka kuliko mwanzo.

Benchi la Ufundi
Kuuona mchezo kunafundishika. Aende uwanja wa Sokoine hapa Mbeya na daftari dogo, na mechi mbili za mwanzo asifuate mpira. Dakika 15 za kwanza amtazame namba 6 (kiungo mkabaji) wa timu moja tu, ahesabu mara ngapi anageuza shingo kuangalia nyuma kabla pasi haijamfikia. Anayegeuza mara mbili hupokea akiwa tayari ameelekea mbele. Asiyegeuza anarudisha kwa beki, na uwanja mzima unamlaumu beki. Robo saa inayofuata ahamie kwa mabeki wa pembeni: wakipanda wote wawili, nani anabaki nyuma? Kipindi cha pili ahesabu mipira ya pili, yaani kipa akibutua na watu wakigongana hewani, nani anaokota kinachodondoka.

Kitu kimoja kwa robo saa, basi. Anayeandika kila kitu anaishia kutazama daftari. Na akae juu, usawa wa katikati ya uwanja. Ukikaa chini karibu na mstari unaona miguu, huoni umbo la timu.

Halafu sisi tuna kitu ambacho watu wa pwani hawana. Mbeya iko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haupati ukinzani mkubwa. Kipa aliyezoea Dar akipiga mrefu, unampitiliza mshambuliaji wake, na krosi za winga wao hazipindi kama walivyozoea. Tazama dakika 20 za mwanzo utaliona. Kuanzia dakika ya 65 hamia kwa viungo wa wageni: mikono iko kiunoni, kurudi kukaba wanachelewa hatua tatu nne. Uwanja wa Samora pale Iringa ni hivyohivyo. Mtu akishalijua hili, hata sare ya 0-0 ya Tanzania Prisons, timu yetu ya hapa, inamshika mpaka filimbi ya mwisho.

Mama wa Uyole
Kuhusu mtoto: msianze na Simba au Yanga wakija mjini. Msongamano wa getini peke yake unamtisha, na akikaa hataona chochote zaidi ya migongo ya watu. Mpeleke mechi yenye watu wachache. Umri huo anaona mpira na aliye nao tu, kuotea hakumwingii akilini, kwa hiyo mkalishe nyuma ya goli, pembeni kidogo, mashuti yaje upande wake. Mpe kazi moja, kwa mfano kuhesabu kona kwa vidole.

Mechi ya saa 10 jioni mwezi Juni au Julai inaanza na jua na kuisha na baridi. Sweta na kofia mbebe kutoka nyumbani, pamoja na chai kwenye chupa. Ondokeni dakika ya 60 akiwa bado anataka kubaki. Akikaa mpaka achoke na kulia, atakumbuka kilio tu. Nyumbani apate mpira saizi 3. Saizi 5 ni mkubwa na mzito kwake, unamuumiza mguu na anaanza kuuogopa. Na jezi, jamani, mwacheni achague mwenyewe, hata akichagua ya mjomba.

Presha na Penalti
Niongeze la afya, linasahaulika. Hata shabiki aliyepoa, penalti zikianza mwili unasahau umri. Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich walihesabu dharura za moyo: siku Ujerumani ilipocheza zilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na ugonjwa wa moyo tayari. Mwenye presha ameze dawa saa yake, asingoje mechi iishe. Kwenye kibanda umiza akae karibu na mlango. Kifua kikibana, jasho la baridi, maumivu yakipanda taya au mkono: hospitali palepale, dakika za nyongeza zisisubiriwe.

Na mikeka, yaani kubeti. Weka timu nane, kila moja ikiwa na nafasi 7 katika 10 ya kushinda. Zote nane kushinda pamoja ni chini ya nafasi 6 katika 100. Pesa inaondoka, na umetazama mechi nane bila kuiona hata moja.

Mdau wa Soweto (Mbeya)
Asanteni sana, mmenifungua macho. Na timu yenyewe ikihama? Nawawaza wenzetu wa Mbarali.

Kiungo Mkabaji
Hilo linauma kweli. Novemba 2022 Ihefu, timu ya Mbarali, waliifunga Yanga 2-1 palepale kwenye uwanja wao wa Highland Estates na kukata mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mwaka 2024 timu ikawa ya Singida, na jina likawa Singida Black Stars. Kijana anaweza kulifuata jina jipya, lakini mtu mzima mara nyingi anabaki na uwanja wake, na hakosei. Mkoa huu umewahi kutoa bingwa wa nchi, Tukuyu Stars, 1986. Mbeya City ilimaliza ya tatu msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14. Zote zilianzia kwenye viwanja vya chini.

Kwa hiyo atafute timu ya wilaya, aende mazoezini, aulize nini kinakosekana. Mara nyingi ni nyavu, maji na mtu wa kuchora mistari. Kuchora ni rahisi akiwa na chokaa, futi kamba na kamba ya mita 9.15. Nukta ya penalti ni mita 11 kutoka katikati ya goli. Kamba hiyohiyo ikishikwa katikati ya uwanja inatoa duara, ikishikwa kwenye nukta ya penalti inatoa upinde wa nje ya boksi. Achore asubuhi kabla upepo haujaanza, na chokaa asiishike kwa mikono mitupu.