Chakula cha mfuko, cha kupimiwa kwa kilo, au ugali wa dagaa: kipi kinamfaa mbwa? (Arusha na Moshi)

Mama_Njiro

Habari zenu wadau. Naomba tulinganishe kwa uzoefu na kwa elimu, tuachane na matangazo. Hapa Njiro nina mbwa watatu: German Shepherd jike mzima, mwanawe dume wa miezi minne, na mbwa wa kienyeji anayelinda geti usiku. Wote wanakula ugali wa dona na dagaa, na siku ya nyama wanapata utumbo. Jirani zangu wengi wamehamia chakula kikavu cha dukani na wananisukuma nami nihame.

Naona njia tatu. Kuna mfuko uliofungwa kiwandani. Kuna chakula hichohicho kinachochotwa kwenye mfuko ulio wazi na kupimwa kwa kilo, ambacho mfuko wangu wa fedha unakimudu kirahisi. Halafu kuna kuendelea na sufuria yangu. Bei nazifahamu, ninachotaka ni afya: mifupa ya huyu mdogo, manyoya, umri wa kuishi. Pia nimeambiwa chakula kikavu kinaharibu figo. Ni kweli?

Mlinzi_Sakina

Shikamoo mama. Mimi nahudumia mbwa wa ulinzi. Kwa kazi yetu chakula cha mfuko kimeturahisishia mambo mengi: choo kigumu, kidogo, rahisi kuokota, kipimo ni kilekile kwa kila mbwa hata zamu ikibadilika. Ukipika, leo mpishi kaweka dagaa wengi, kesho kaweka ugali mtupu, na mbwa anayakuta yote hayo mwilini.

Angalizo moja kwa German Shepherd: kifua chake ni kirefu, na mbwa wa umbo hilo tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Hiyo ni dharura ya saa chache, asipofika kwa daktari anakufa. Gawa chakula mara mbili kwa siku, usimpe sinia zima jioni, na usimkimbize akishamaliza kula. Hili halichagui punje za chakula kikavu wala ugali.

Daktari_Mifugo_Moshi

Mama Njiro, umeuliza swali moja lakini una mbwa watatu wenye majibu tofauti. Nianze na mdogo kwa sababu huyo hana muda wa kusubiri.

Mtoto wa mbwa mkubwa anajenga mifupa kwa kasi, na mifupa hiyo inataka kalsiamu na fosforasi kwa uwiano, kalsiamu ikizidi fosforasi kidogo. Nyama tupu ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu mara nyingi sana, kwa hiyo mtoto anayelishwa minofu pekee mwili wake unaanza kunyonya kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Ugali mtupu nao hauna kalsiamu ya maana. Matokeo tunayaona mezani: miguu ya mbele imepinda matege, mbwa anakanyagia kisigino cha mkono, analia ukimshika.

Upande wa pili ni kuzidisha. Mtoto wa miezi minne hana uwezo mzuri wa kuzuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini. Mtu ananunua chakula kizuri cha watoto, halafu anakinyunyizia unga wa mifupa au madini ya ng'ombe ili mbwa "awe na mifupa minene". Hapo ndipo viungo vinapokua vibaya. Kwa hiyo kwa huyo mdogo nasema wazi: mfuko uliofungwa, ulioandikwa kuwa ni wa watoto wa mbwa wakubwa, na usiongeze madini yoyote juu yake.

Jike mzima na mlinzi wa geti wanaweza kuendelea na sufuria, ila sufuria irekebishwe. Nitaeleza.

Kuhusu figo. Chakula kikavu kina maji kama asilimia 10 tu, hivyo mbwa lazima anywe zaidi, na maji safi yawepo mchana na usiku. Lakini figo nzima ya mbwa haiuawi na ukavu huo. Hofu uliyoisikia ina chanzo cha kweli: mwaka 2007 Marekani vyakula vingi vya mbwa na paka viliondolewa sokoni baada ya kugundulika vimechanganywa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, iliyoingia kupitia gluteni ya ngano kutoka China ili protini ionekane nyingi kwenye vipimo vya maabara. Melamini ilipokutana na kemikali nyingine, asidi ya sianuriki, ilitengeneza fuwele ndani ya figo. Pale kilichoua figo ni udanganyifu wa malighafi. Mbwa ambaye tayari ana ugonjwa wa figo ni habari nyingine, huyo anahitaji chakula chake maalumu.

Babu_Kibosho

Daktari nakuheshimu, lakini sisi huku mlimani tumefuga mbwa tangu enzi za wazazi wetu kwa ndizi, maharage na mabaki ya mtori, na mbwa walikuwa wakali, wanazaa, wanazeeka. Leo kijana anakopa fedha anunue punje za mbwa. Kwani mbwa si jamii ya mbwamwitu? Nafaka za kiwandani zinamfaa nini?

Daktari_Mifugo_Moshi

Shikamoo babu. Hoja yako ina uzito. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwamwitu. Yaani kuishi na binadamu kumempa tumbo la kula ugali na ndizi, mradi viive vizuri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouza vyakula "visivyo na nafaka" kana kwamba nafaka ni sumu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka, wengi wakiwa wamelishwa vyakula vya aina hiyo vilivyojazwa njegere na dengu. Uchunguzi haukuthibitisha chanzo, lakini ulitosha kuniondolea sababu ya kumlipisha mteja zaidi ili aikimbie nafaka.

Mbwa wako wa zamani babu walikuwa wanatembea kihamba chote, shamba zima la migomba, wanakula panya, wadudu, mayai, kondo la ng'ombe aliyezaa. Mbwa wa Mama Njiro yuko ndani ya ukuta. Asichokikuta kwenye bakuli hana pa kukitafuta.

Na mtori, tafadhali, usiendelee. Una kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, viwe vibichi au vimepikwa, na madhara hujilimbikiza. Machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo yakae mbali naye.

Babu_Kibosho

Hilo la kitunguu sikulijua. Nitamwambia mama yenu awatengee kabla hajaunga.

Neema_wa_Pembejeo

Niongee upande wa dukani, maana ndiko niliko, hapa Tengeru. Kwenye njia zako tatu mama, ya katikati ndiyo ninayoiogopa.

Chakula kikavu hupikwa kwa joto kali na mgandamizo, kinakaushwa, halafu mafuta yananyunyiziwa juu ya punje mwishoni. Hayo mafuta ya nje ndiyo yanayompa mbwa hamu, na ndiyo yanayoharibika kwanza yakikutana na hewa, jua na joto. Sasa mfuko unafunguliwa mlangoni, unakunjwa mdomo, unachotwa siku nzima kwa kopo lilelile lililotoka kwenye pumba za kuku. Mteja anapewa kwenye mfuko mwepesi usio na maandishi. Tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye mfuko mkubwa, na mfuko ukiisha baadhi ya watu wanamimina mpya juu ya vumbi la ule wa zamani.

Ukitaka kujua, chukua punje kiganjani uzisugue zipate joto, kisha nusa. Nzima zina harufu ya nafaka na nyama iliyokaushwa. Zilizochacha zinanukia kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi. Angalia na chini ya mfuko: unga unga mwingi, utando, au vidudu vidogo vya kahawia, usinunue. Ila sumu ya ukungu haina harufu wala rangi, kwa hiyo kunusa kunakusaidia nusu tu.

Kwa mwenye bajeti ndogo, heri majirani wawili wachangie mfuko uliofungwa kuliko kila mmoja kupimiwa. Na nyumbani usiumwage kwenye ndoo, weka mfuko na chakula chake ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya kibao, mbali na ukuta. Moshi kuna joto kuliko Arusha, huko mtu wa mbwa mmoja achukue mfuko mdogo.

Mama_Njiro

Neema ahsante, hapo kwenye kopo nimeelewa. Lakini umetaja sumu ya ukungu. Si hiyohiyo sumukuvu ya mahindi? Dona langu je?

Daktari_Mifugo_Moshi

Ndiyo hiyohiyo, na haijali mahindi yako kwenye dona au kwenye punje. Mwaka 2016 Watanzania walikufa kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara ni hapa jirani tu. Marekani, mwishoni mwa 2020, chakula kikavu cha mbwa kilirudishwa kiwandani kwa sababu hiyohiyo, na hadi Januari 2021 mbwa zaidi ya 110 walikuwa wameripotiwa kufa. Kiwanda kizuri hupima mahindi yanapoingia, ila hakuna mfuko wenye kinga kamili. Ini la mbwa ni jepesi kudhurika: anaacha kula, anatapika, ananyong'onyea, fizi na weupe wa macho vinageuka njano. Ukiona hivyo ondoa chakula, tunza sampuli na mfuko wake, mpeleke mbwa siku hiyohiyo.

Kwa sufuria yako kanuni ni moja: mahindi ambayo ungeyakataa kwa watoto wako usimsagie mbwa. Naona sana watu wakinunua yaliyooza "ya mbwa". Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Sasa marekebisho. Ugali uive kweli, usiwe zaidi ya nusu ya chakula. Dagaa wa ziwani wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wanaleta protini na kalsiamu kwa pamoja, jambo ambalo minofu haifanyi. Chagua dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani kuliko wale waliochemshwa kwa chumvi, na uwaoshe sana, maana mchanga wa Kilombero sokoni mnaufahamu. Ongeza kijiko cha mafuta ya alizeti kwa ajili ya ngozi na manyoya, mboga iliyochemshwa kama karoti au boga, kipande kidogo cha ini lililoiva vizuri mara moja kwa wiki, na chumvi kiduchu sana yenye madini joto. Usimpe pumba nyingi: zinazuia zinki isiingie mwilini, mbwa anaota magamba kuzunguka macho na pua.

Utumbo, mapafu na maini ya kondoo na mbuzi yachemshwe mpaka yaive. Yakiliwa mabichi yanampa mbwa tegu wadogo, mayai yao yanatoka na kinyesi, na mtu akiyameza anaota mifuko ya maji kwenye ini au mapafu. Hapa chakula cha kiwandani kinamshinda mpishi mvivu. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kabisa, inavunjika kwa ncha kali.

Hata hivyo sitakuahidi kwamba sufuria hii imekamilika. Chuo Kikuu cha California kule Davis kilipima mapishi 200 ya nyumbani ya mbwa mwaka 2013, na asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Ndiyo maana napenda wenye uwezo wachanganye: asubuhi punje, jioni sufuria.

Mhasibu_Shanty_Town

Niongeze hesabu, maana wengi tunakosea kwenye kipimo kuliko kwenye aina. Mbwa mzima wa kilo 30 asiye na kazi nzito anahitaji karibu kilokalori 1,400 kwa siku. Punje nyingi zina kama 350 kwa gramu 100. Hiyo ni gramu 400 kwa siku, kilo 12 kwa mwezi. Ukimchanganyia nusu kwa nusu, kilo 6. Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa bakuli.

Unene ndio unaowamaliza mbwa wa kwenye mageti yetu. Kuna utafiti wa Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote, ukachapishwa mwaka 2002: waliopewa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Uliendeshwa na kampuni ya Purina, inayouza chakula cha mbwa, na matokeo yake yalikuwa kwamba mbwa ale kidogo. Ndiyo maana nauamini.

Mbavu uzihisi kwa vidole bila kukandamiza. Usipozihisi, punguza.

Mlinzi_Sakina

Swali dogo: na meno? Wauzaji wanasema punje zinasafisha.

Daktari_Mifugo_Moshi

Punje za kawaida zinapasuka jino likigusa tu, hazisugui kitu. Ziko zilizotengenezwa maalumu kwa meno, hizo zinasaidia kiasi. Mswaki wa mtoto bila dawa ya meno ya watu ndio bora.

Mama_Njiro

Basi nimeamua. Mdogo anahamia mfuko uliofungwa wa watoto wa mbwa wakubwa. Mama yake nusu punje nusu sufuria. Mlinzi wa geti anabaki na sufuria mpya, bila pumba. Cha kupimiwa sinunui tena. Nimhamishe mdogo vipi asiharishe?

Daktari_Mifugo_Moshi

Siku mbili za mwanzo robo punje, robo tatu chakula cha zamani. Siku mbili nusu kwa nusu. Siku mbili robo tatu punje. Kisha punje tupu, milo mitatu kwa siku mpaka afike miezi sita, halafu miwili. Unaweza kuzilowesha kwa maji ya uvuguvugu, ila zilizolowa zisikae bakuli mpaka jioni. Choo kikilegea rudi hatua moja nyuma usubiri. Kikiwa na damu, au akitapika, usisubiri, mlete. Mpime uzito kila Jumamosi, uandike hapa, tutarekebisha gramu kadiri anavyokua.