Nakatwa ada ya uwakala na hela ya tiketi, hii ni halali?

Mama Zai wa gatini:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, nakata tiketi kwenye kampuni ya vivuko, mshahara 400,000. Juzi nimekaa kwenye benchi pale gatini nasoma slipu mstari kwa mstari, NSSF sawa, PAYE sawa, halafu nakuta ada ya uwakala 8,000 na chini yake upungufu wa tiketi 150,000. Chama cha wafanyakazi sijajiunga wala fomu sijajaza. Hiyo 150,000 eti kitabu kilipotea zamu yangu, sijaitwa sijapewa barua, imekatwa tu na mwenye nyumba Igoma anadai kodi. Nianzie wapi?

Sangara mkavu:
Pole dada, ila usichanganye hayo mawili. Ada ya mwanachama haikatwi mpaka umesaini TUF 6, ile fomu ya kuruhusu ukatwe, lakini uwakala ni kitu kingine, chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi kikishakubaliana na mwajiri kwenye mkataba wa hali bora, hata asiye mwanachama anakatwa maana nyongeza wakiipata na wewe unakula. Masharti ni kwamba isizidi ada ya mwanachama na ikae akaunti yake peke yake. Kwa hiyo nenda tawi la chama uombe kuuona huo mkataba, kama haupo basi hiyo 8,000 hawana msingi wa kuikata.

Hiyo 150,000 ndo imeniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 inataka wakuandikie sababu, kiasi na walivyokipiga hesabu, wakupe nafasi ya kujitetea, na hata ukikutwa na kosa wasipitishe robo ya mshahara, yaani kwako 100,000 basi.

Konda Nyegezi:
Na uliza kama hela inafika chamani. Sisi kwenye mabasi tulikatwa miezi minne, katibu wa tawi anasema hajaona hata mia. Mwajiri ana siku 7 baada ya mwezi kuisha awe ameipeleka, akichelewa anatozwa nyongeza ya asilimia 5 ya hela hiyo kila siku.

Mama Zai wa gatini:
Asanteni sana. Kesho naandika barua kwa afisa utumishi, nakala naigongesha muhuri wa kupokelewa.

Sangara mkavu:
Hapo sawa dada. Ila usikae ukisubiri majibu yao, kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, una siku 60 tu tangu walipokukata, hapa Mwanza ofisi ipo, nenda na slipu ujaze fomu namba 1.