MREJESHO: Siku za kliniki zilizokuwa zinakatwa kwenye likizo yangu

Ndugu zangu, narudi kuwashukuru. Niliwaeleza mwezi uliopita: mashine ya kukunja bati ilinibana mkono wa kulia kazini, nikavunjika vidole viwili, na kila Jumanne nikienda mazoezi ya viungo, msimamizi ananiandikia likizo ya mwaka. Siku nne zikawa zimeshakwenda.

Nilifuata ushauri wenu. Nilikusanya kadi ya kliniki yenye mihuri na barua ya daktari, nikatoa nakala, nikaandika barua kwa afisa utumishi. Nikataja kwamba sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inatambua likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Dada yule alisoma polepole, akageuza kadi, akahesabu mihuri kwa ncha ya kalamu. Akauliza, "Kaka, hii ajali iliripotiwa WCF?" Yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Haikuwa imeripotiwa! Hapo ndipo damu ilinichemka, maana mwajiri ana siku 7 tu za kuripoti.

Taarifa imepelekwa Ijumaa, na siku zangu nne zimerudishwa. Fidia bado naisubiri.

Msimamizi hajaniomba radhi, ila Jumanne hii aliniambia tu, "Nenda, usichelewe." Kidole cha shahada sasa kinagusa kiganja. Cha kati bado kigumu, hasa asubuhi.